Bi Shahada Alikataa Kudanganya kwa Upole

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye na mtoto mgongoni amsogeze vizuri. Leo tunamkumbuka mkunga.

Narudia, mkunga. Narudia kwa sababu tangu alipofariki nimesikia akiitwa majina mengine mengi. Mtaalamu wa mawasiliano. Msomi wa kupigiwa mfano. Nguzo ya ukoo. Hapa studio tumeletewa ujumbe wa rambirambi kutoka hospitali moja kubwa, unaomwita "binti yetu tuliyemlea kitaaluma". Umeandikwa vizuri, una koma zake zote. Sitausoma. Hospitali hiyo ilimfukuza. Aliyeuandika ujumbe ama hajui hilo, ama anajua na anadhani sisi hatujui. Kwa vyovyote vile, sauti yangu siazimishi.

Nitawasimulia mwenyewe, kama nilivyoambiwa na dada yake mkubwa, na mume wake, na mkunga mmoja aliyesoma naye darasa moja.

Jina alilojulikana nalo ni Bi Shahada. Msidhani ni jina la heshima. Alipewa wodini, na waliompa walikuwa wakilisema huku wamebinua midomo.

Marehemu alikuwa na shahada ya uhusiano wa umma. Kwa wasiojua kazi hiyo, nitaieleza kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiieleza. Bosi anafanya jambo la ovyo, wewe unatafuta maneno ya kulivalisha suti. Alipohitimu aliajiriwa na kampuni yenye kiwanda. Moshi ukiwakohoza majirani, yeye aliandika kwamba kampuni inathamini afya ya jamii. Wafanyakazi wakipunguzwa, aliandika kwamba kampuni inajipanga upya. Alikuwa hodari. Ofisini alikuwa na kiti kinachozunguka, na baba yake mdogo alikuwa akikitaja kiti hicho kila walipokutana ndugu, kana kwamba kinazunguka kwa uwezo wake yeye.

Halafu akapata ujauzito. Akaenda kujifungua.

Nesi aliyempokea alikuwa anakula karanga. Dada mtu anakumbuka vizuri, kwa sababu ndiye aliyemsindikiza. Mdogo wake alipougulia, yule nesi akamwambia, "Nyamaza wewe. Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulipiga kelele?" Akacheka peke yake. Akamenya karanga nyingine.

Akina mama mnaonisikiliza, najua hamkushtuka. Wengi wetu tumeambiwa hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Sijui huwa wanafundishana wapi.

Zamu ikabadilika. Akaingia mkunga mwingine, mama mnene mwenye viatu vya raba, akamwekea mkono begani, akamweleza kila anachofanya kabla hajakifanya. Mtoto wa kike akazaliwa salama. Yule mkunga akafunga mlango na kwenda zake, wala hakuaga. Bi Shahada akamwambia dada yake, "Dada, mimi nalipwa kupamba uongo. Huyu mama amenipa mtoto na hakuna hata mtu aliyemwandikia sentensi moja."

"Nikadhani ni uchovu wa uzazi," dada mtu ananiambia. "Nikamwambia lala, mdogo wangu. Mtoto alipoacha kunyonya, akaacha kazi."

Wasikilizaji, aliacha kazi na kwenda kusomea ukunga. Alikuwa tayari ana shahada. Akaanza upya mwaka wa kwanza, na mabinti waliotoka shule juzi, kwenye benchi moja.

Nyumbani ikawa msiba kabla ya msiba. Baba mdogo aliitisha kikao. Dada anaigiza sauti yake vizuri kuliko mimi, lakini nitajaribu.

"Mwanangu, umelogwa na nani?"

"Sijalogwa, baba."

"Ulikuwa unaandika hotuba za wakurugenzi. Sasa unataka kushika mabeseni?"

"Hotuba nazo zilikuwa za kutapika, baba mdogo. Beseni nimeshalizoea."

Baba mdogo akasema hana tena mtoto wa hivyo. Ni huyohuyo aliyelia kwenye kipaza sauti makaburini, akasema yeye ndiye aliyekiona kipaji cha mwanawe tangu mwanzo. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilitazama viatu vyangu.

Mume wake, fundi wa majokofu, hakuitisha kikao. Alimuuliza jambo moja tu, kama atakuwa anarudi amechoka. Akajibiwa ndiyo. Akasema basi atajifunza kupika mboga. Hadi leo, anasema, mboga zake zina chumvi nyingi.

Sasa tuingie wodini, maana huko ndiko lilikotokea jambo lenyewe.

Mwaka wa mwisho wa masomo, wanafunzi hupelekwa hospitali kufanya mazoezi. Bi Shahada na wenzake walipelekwa kwenye wodi ya wazazi ya hiyo hospitali kubwa. Mkuu wa wodi alikuwa mama mmoja tutakayemwita Matroni. Matroni alikuwa na saa kubwa ya kubandika kifuani na sauti ya kuitia gari. Siku ya kwanza akamtazama Bi Shahada juu mpaka chini.

"Kumbe ndiye wewe mwenye shahada. Hapa hatutangazi sabuni, bibie. Shahada haizalishi."

Wodi nzima ikacheka. Wanafunzi nao wakacheka, ili wasiachwe nyuma. Tangu hapo kila kitu kikawa ni hicho. "Bi Shahada, huyu mama umwandikie hotuba, au tumletee beseni?" "Bi Shahada, hebu uliza kitanda kina maoni gani." Aliyesoma naye ananiambia kwamba marehemu hakuwa akijibu. Alikuwa akiwatazama tu, jicho limelegea kidogo, kama anayetazama tangazo baya barabarani.

Mume wake anasema wazi, "Mke wangu alikuwa na dharau. Najua mtu akifa hasemwi hivyo. Mimi nasema, alikuwa na dharau, na aliwapa waliostahili."

Kuna jambo dogo la kazi nataka mlielewe, ili mengine yaeleweke. Mkunga akitaka kusikia moyo wa mtoto aliye tumboni, hutumia kifaa kidogo cha mbao, kama tarumbeta. Upande mmoja tumboni, upande mwingine sikioni. Chuoni, mwalimu wao aliwafundisha kwamba ukiweka sikio hapo, mkono wako mmoja umshike mama kwenye kifundo cha mkono, usikie mapigo yake. Kwa nini? Kwa sababu tumbo lina milio miwili. Kuna moyo wa mtoto, na kuna damu ya mama. Kwa kawaida huwezi kuichanganya, maana moyo wa mtoto unakimbia na wa mama unatembea. Lakini mama akipata homa, wake nao unakimbia. Hapo, usipomshika mkono, unaweza kumsikiliza mama ukadhani umemsikiliza mtoto.

Kwenye wodi ya Matroni, hakuna aliyeshika mkono. Kushika mkono ilikuwa ni alama ya mwanafunzi. Ukishakuwa mzoefu unainamisha sikio, unasema "mzima", unaendelea na hadithi yako. Ndivyo walivyojionyesha kwamba wamekomaa. Wanafunzi wote wakaacha kushika mkono ndani ya siku chache, ili nao waonekane wamekomaa. Isipokuwa Bi Shahada. Yeye alishika, wakamcheka, akashika.

Basi asubuhi moja akaja mama kijana, muuza vitambaa, mimba yake ya kwanza. Bi Shahada ndiye aliyempokea. Akamshika mkono, akaweka sikio. Moyo wa mtoto ulikuwa unakimbia vizuri kabisa, na wa mama unatembea zake. Milio miwili, mbalimbali. Mtoto aliingia hospitali akiwa hai. Naomba mlishike hilo. Mtoto aliingia akiwa hai.

Mchana yule mama akapata homa. Bi Shahada akasikiliza tena. Safari hii moyo wa mtoto ulikuwa umelegea. Unapiga, unasita. Unapiga, unasita. Akaenda mbio kwa Matroni, aliyekuwa anapiga soga na mhudumu mezani.

"Matroni, mtoto wa kitanda cha dirishani moyo unashuka. Tumwite daktari."

"Daktari anaitwa na mimi."

"Basi mwite, Matroni."

Matroni akainuka kama mtu aliyeombwa abebe nyumba. Akaenda, akaweka kile kifaa popote tumboni, hakushika mkono wa mtu. Akasikiliza. Akatabasamu. Kisha, ili kumfunza mwenye shahada, akaanza kugonga kwa vidole kwenye chuma cha kitanda, akifuatisha anachosikia. Ta-ta-ta-ta-ta.

"Unasikia? Ngoma hiyo. Mtoto anacheza ndani."

Aliyesoma naye alikuwa amesimama upande wa pili na beseni la maji. Aliyaona yote. Bi Shahada alikuwa ameushika mkono wa yule mama, na vidole vyake vilikuwa kwenye mshipa. Kila Matroni alipogonga chuma, mshipa nao ulipiga. Kugonga na kupiga, pamoja, bila kupishana.

Akasema, kwa sauti ya kawaida, "Matroni, huo ni moyo wa mama. Shika hapa."

Wasikilizaji, mkono ulikuwa hapo. Kilichotakiwa ni kunyoosha vidole tu. Matroni hakuushika. Mbele ya mhudumu, mbele ya wanafunzi, angeonekana anafundishwa na mtu wa matangazo.

"Rudi ukafanye kazi yako," akasema. "Umesomea kusema, sio kusikiliza."

Bi Shahada akatoka kwenda kumtafuta daktari mwenyewe. Alimpata, lakini alikuwa kwenye upasuaji mwingine, na alipofika alikuwa amechelewa. Jioni ile mtoto alizaliwa akiwa amefariki. Mtoto wa kiume.

Najua wapo wanaonisikiliza waliopita hapo. Poleni. Kaeni nami kidogo.

Asubuhi yake Bi Shahada akaitwa ofisini kwa Mganga Mkuu, yaani mkuu wa hospitali nzima. Matroni alikuwa amekaa humo tayari, saa yake kifuani. Na ajabu ya ajabu, siku hiyo hakuna aliyeicheka shahada. Siku hiyo shahada ilikuwa dhahabu.

"Nimeambiwa umesomea uhusiano wa umma," Mganga Mkuu akasema, akamvutia kiti. "Hatuna mtu kama wewe hapa. Familia iko wodini, ina maswali. Nenda kaongee nao. Waambie mtoto alifika akiwa ameshafariki tumboni, labda siku moja kabla. Ila useme kwa upole. Unajua maneno."

"Mtoto alifika hai. Nilimsikia mwenyewe."

"Wewe bado mwanafunzi. Ulisikia unachodhani umesikia."

Matroni akadakia, sauti laini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia wodini. "Mwanangu, umebakiza kidogo sana kumaliza. Na mimi ndiye ninayesema umefaulu mazoezi au hukufaulu. Tusaidiane."

Hapo ndipo palikuwa na shimo, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa amebakiza kidogo sana. Kiti kinachozunguka alishakiacha. Baba mdogo alikuwa anangoja aanguke ili apate la kusema kwenye vikao. Mumewe alikuwa amekula chumvi mwaka baada ya mwaka. Na alichoombwa ni kile ambacho zamani alikifanya kila siku kabla ya chai ya saa nne. Kuchukua jambo la ovyo, kulivalisha suti.

Akasema, "Sawa. Nitaongea nao."

Akaenda wodini. Muuza vitambaa alikuwa amelala ametazama ukuta. Mama mkwe wake alikuwa amekaa na chupa ya chai, anammiminia binti yake aliyekuja naye, anajimiminia mwenyewe, mgonjwa hamtazami. Na alikuwa anaongea, kwa ile sauti ya kusema na hewa ili mtu fulani asikie.

"Nilisema mimi. Nilisema asibebe mizigo ya vitambaa. Mimba ya kwanza mtu anatulia. Sasa kaniulia mjukuu."

Bi Shahada akakaa kitandani. Akamgeuza yule mama taratibu. Nanukuu maneno yake kama muuza vitambaa mwenyewe alivyoniambia makaburini, maana hakuyasahau hata moja.

"Mwanao alikuja hapa hai. Mimi ndiye niliyemsikia. Mchana moyo wake ulianza kulegea, nikasema, sikusikilizwa. Aliyekuja kupima alisikia mapigo yako wewe, akasema ni ya mtoto. Mizigo haikumuua. Wewe hukumuua. Kosa ni letu, na nimetumwa hapa nije nikwambie vingine."

Mama mkwe alikuwa anamimina. Chai ikawa inamwagika nje ya kikombe, hakuiona.

Muuza vitambaa hakulia papo hapo. Aliuliza, "Alikuwa anapigaje?"

Bi Shahada akaufungua mkono wa yule mama. Akagonga kwenye kiganja kwa kidole kimoja, haraka haraka, laini, kama alivyosikia asubuhi. Akagonga kwa muda mrefu. Hapo ndipo mama yule akalia, na mama mkwe akaja akakaa upande wa pili wa kitanda, akachukua kikombe kipya, akammiminia chai mkwewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alazwe.

Mchana huohuo Bi Shahada akafukuzwa hospitalini. Sababu iliyotajwa ni utovu wa nidhamu. Chuo, ambacho kilihitaji hospitali kuliko kilivyomhitaji yeye, kikainamisha kichwa. Baba mdogo akapata lake la kusema. "Hata kushika mabeseni kumemshinda." Alilirudia harusini, akalirudia hitimani, watu wakacheka, na wengine wao nimewaona juzi wamefunga vitambaa vyeusi.

Na Matroni je? Mtauliza. Matroni alistaafu kwa sherehe, akapewa saa ya ukutani. Mganga Mkuu alipanda cheo. Sina habari nyingine ya kuwafurahisha.

Bi Shahada yeye alikwenda chuo kingine, mbali, akaanza tena mwaka wa kwanza. Narudia, tena mwaka wa kwanza. Dada mtu alimuuliza kama haoni aibu. Akamjibu, "Aibu ipo, dada, ila nimewaachia wenyewe kule." Akamaliza. Akawa mkunga katika zahanati ndogo yenye vitanda vichache na bomba la maji linalokohoa, na huko ndiko alikofanyia kazi mpaka figo zilipomwangusha. Wanafunzi waliopita kwake aliwapokea kwa sharti moja. Asiyeshika mkono wa mama, asiguse tumbo.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa pale. Sitasema mengi. Nilimuuliza maswali ya kijinga mfululizo, na alinijibu yote, na lile nililorudia akalijibu mara ya pili.

Muuza vitambaa alikuja makaburini na watoto wake wawili waliozaliwa baadaye, mikononi mwa mkunga huyuhuyu. Mama mkwe alikuja naye, mzee sasa, ameshikwa mkono. Nilimuuliza muuza vitambaa angependa niseme nini redioni. Akasema, "Sema kwamba kama angenidanganya vizuri siku ile, mimi ningeishi na watu wale nikiwa muuaji. Nisingebaki kwenye nyumba ile. Hawa wawili wasingekuwepo." Hakuna mtu aliyempa kipaza sauti makaburini. Kilikuwa kwa baba mdogo.

Kwa mume wa marehemu, fundi wetu wa majokofu, pole sana. Kwa binti yake, pole mwanangu, mama yako alisimama mahali ambapo watu wazima wenye vyeo walikaa. Kwa dada yake mkubwa, pole na asante kwa kunisimulia bila kupaka rangi. Kwa wakunga wote wanaomweleza mama jambo kabla ya kulifanya, poleni kwa kufiwa na mwenzenu. Ninyi wengine mliocheka na sasa mnalia kwa sauti, mna redio nyumbani, mmesikia.

Na ninyi wajawazito mnaonisikiliza mchana huu, mkiwa mnachambua mboga au mmeinua miguu kwenye stuli, nina moja kwenu. Mkifika huko, ulizeni. Huo uliousikia ni moyo wangu au wa mtoto? Toeni mkono, muombe ushikwe. Mtafyonywa, najua. Ulizeni tena. Na mtu akiwabinulia mdomo, akauliza ninyi mmesomea wapi mambo haya, mjibuni bila kuinua sauti kwamba mlifundishwa na mkunga aliyesoma mwaka wa kwanza mara tatu.